Kidole Kimoja Kila Jumatatu

Haya, kaeni vizuri, ila msikae chini sana. Ilikuwepo nchi, na bado ipo, tena inaendelea vizuri mno kwa mujibu wa redio yake. Msiniulize jina. Ilikuwa na jina refu, tamu, la kuimbika, lakini likapunguzwa kidogo kidogo kwa ajili ya ubora, mpaka siku moja watu wakaamka wakakuta limekwisha. Hakuna aliyelalamika. Ungelalamikaje, na kila siku kilichoondoka kilikuwa kidogo tu?

Katika nchi hiyo kulikuwa na mji, na katika mji kulikuwa na vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni Kinu cha Taifa, jengo la ghorofa sita lililosaga mahindi ya nchi nzima bila kupumzika. Kiliunguruma, jamani! Chai haikutulia kikombeni mji mzima, na mtoto wa pale akipelekwa kwa shangazi yake mji mwingine alilia kwa kuogopa kimya. Cha pili ni Dirisha la Malalamiko, na hapo ndipo alipokaa Bi. Mwatima.

Bi. Mwatima alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mwenye mwandiko mzuri na binti mmoja tu duniani. Binti huyo aliitwa Tausi, na kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia pale Kinuni, ghorofa ya chini, chini ya ukuta wa mashariki. Ushikeni ukuta huo. Mimi mwenyewe nautaja kwa shida.

Kazi ya Dirisha ilikuwa nyepesi kueleza. Mtu alikuja, akasema linalomkera, Bi. Mwatima akaandika, akagonga muhuri, karatasi ikapanda juu. Huko juu walifanya nini, hakujua. Ila mara mojamoja mtaro ulizibuliwa, au daraja la miguu likapigiliwa ubao mpya, na Bi. Mwatima akipita hapo alijisemea moyoni, "Huo ni mwandiko wangu." Alikuwa na raha yake, masikini.

*

Ndipo akarudi Mkurugenzi Lwambano, mkuu wa Wizara yenye Dirisha hilo, kutoka kozi ya siku tisa ng'ambo. Alirudi na cheti, koti la baridi ambalo hakulivua tena, na turubai lenye picha ya duara. Wafanyakazi wote wakakusanywa uani, juani.

"Ndugu wafanyakazi!" akasema, akijifuta jasho la koti. "Taifa hili limeumizwa sana na mabadiliko makubwa. Makubwa yana kelele! Makubwa yana watu wa kuuliza! Kuanzia leo tunaingia katika zama za badiliko dogo. Tunapanga, tunajaribu, tunapima, tunaamua, kisha tunazunguka tena. Duara moja kila Jumatatu. Haba na haba hujaza kibaba!"

Wakapiga makofi. Afisa mmoja akayapima.

Bi. Mwatima, ambaye alikuwa na tabia mbaya ya kutaka kuelewa, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, tutajuaje kuwa badiliko ni dogo?"

Mkurugenzi akatabasamu kwa upole. "Swali zuri. Dogo ni lile ambalo mtu mzima, mwenye akili zake timamu, angeona haya kulilalamikia mbele ya jirani yake. Kipimo hiki hakipo kwenye vitabu vya ng'ambo. Nimekibuni mwenyewe, ndani ya ndege."

Na hapo, lazima tumpe haki yake, alikuwa amewajua watu wake. Kwa maana katika mji ule, mtoto akilia kwamba mchuzi hauna chumvi, aliambiwa, "Huoni haya?" Akichomwa na mwiba, "Huoni haya?" Walikua hivyo, wakaoana hivyo, wakazeeka hivyo. Mtu aligongwa na mkokoteni, akainuka na mkono umepinda, akasema, "Sijambo, nimeguswa tu." Watu wa namna hiyo unaweza kuwafanyia mambo mengi, mradi ufanye polepole.

Dirisha la Malalamiko likachaguliwa kuwa la kwanza kuboreshwa. Kipimo cha ubora: idadi ya malalamiko kwa siku. Siku hiyo yalikuwa arobaini na matatu. Lengo: yashuke. Kama yatashuka kwa sababu mambo yametengenezwa au kwa sababu nyingine, hilo lilikuwa swali kubwa, na makubwa yalikuwa yamekatazwa asubuhi ile ile.

*

Jumatatu ya kwanza akaja seremala wa Wizara na msumeno. Akakipindua kiti cha Bi. Mwatima, akapima kidole kimoja kila mguu, akakata.

"Utafiti unaonyesha," akaeleza Mkurugenzi, "kwamba mwananchi akiona jicho, hueleza. Tunalishusha jicho kidogo, tuone. Bi. Mwatima, una la kusema?"

Bi. Mwatima akakaa. Akahisi tofauti ndogo magotini. Akajaribu kujiona jioni ile, amesimama uani na jirani yake Bi. Kidawa, akimwambia, "Shoga, wamenikatia kiti kidole kimoja." Akasikia kabisa kicheko cha Bi. Kidawa.

"Sina la kusema, Mheshimiwa."

"Limefaulu!" akasema Mkurugenzi, na karani akaandika limefaulu. Siku hiyo malalamiko yalikuwa arobaini na moja.

Mmoja katika hao arobaini na moja alikuwa Fundi Mbaruku. Huyu ndiye aliyesimamia uashi wa Kinu enzi za ujana wake, na ngurumo za Kinu zikamlipa kwa kumla masikio yote mawili. Tangu hapo hakusema, alipiga kelele. Alikuwa mzee mkali, anayenuka ugoro, asiyependwa na mtu yeyote nimjuaye.

"UKUTA UMEPATA UFA!" akanguruma, akainua kidole cha shahada mbele ya uso wa Bi. Mwatima. "HUU HAPA! KIDOLE KIMOJA!"

"Ukuta gani, Fundi?"

"EEH?"

"UKUTA GANI?"

"WA MASHARIKI! PALE WANAPOSHONA MAGUNIA!"

Bi. Mwatima akavuta karatasi. Akaandika kwa herufi kubwa kuliko kawaida, akagonga muhuri mara mbili. Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane, karatasi iliyopanda juu ikarudi chini. Ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu: *Kidole kimoja. Ni dogo. Mlalamikaji haoni haya?*

Nyumbani, wakila, akamwambia binti yake.

"Ah, ufa ule!" Tausi akacheka. "Mama, tumeshauzoea. Tunachomeka sindano zetu humo wakati wa chakula, ili zisipotee."

"Omba uhamie upande wa magharibi, mwanangu."

"Nimwambie nini msimamizi? Kwamba mama yangu anaogopa ufa wa kidole kimoja? Watanicheka mpaka niache kazi mwenyewe. Kula, mama, ugali unapoa."

*

Duara likazunguka. Kila Jumatatu seremala alikuja, akakata kidole kimoja. Kila Jumatatu Mkurugenzi aliuliza, "Una la kusema?" na kila Jumatatu Bi. Mwatima alimfikiria Bi. Kidawa akicheka. Kufikia duara la sita, kilichoonekana juu ya kaunta kilikuwa kilemba chake na nyusi. Watu walichungulia, wakaita, "Hodi! Kuna mtu?" Wengine hawakungoja jibu. Ukutani walibandika chati yenye mstari unaoteremka, mzuri, na wageni walikuja kutoka wizara nyingine kuutazama. Malalamiko yalikuwa kumi na tisa.

Fundi Mbaruku yeye hakukoma. Alikuja na vidole viwili, akaja na vitatu, akaja na vinne. Alipofika vitano alibandika kiganja kizima kwenye kioo na kupiga kelele mpaka kioo kikatoa ukungu. Ilipofika vidole sita, akakosa mkono wa kushikia fimbo.

Siku hiyo, baada ya kazi, kila mfanyakazi alitakiwa kuleta pendekezo la badiliko dogo kutoka kichwani mwake. Asiye na pendekezo, lilisema tangazo, atakuwa pendekezo. Hakuna aliyeuliza maana yake. Bi. Mwatima alikuwa ameshinda na kalamu mdomoni, na kila karatasi ilipopanda alimuona Fundi na vidole vyake. Akawaza: huko juu hawaamini vidole. Laiti wangekiona kitu chenyewe kwa macho yao!

Akasimama mkutanoni. "Napendekeza mlalamikaji aje na kile anacholalamikia. Ili wakubwa wakione."

Kisha Mkurugenzi Lwambano akavua koti. Ndiyo, alivua koti, akamvisha Bi. Mwatima mabegani, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Aje na kile anacholalamikia," akarudia. "Bi. Mwatima, wewe ni hazina ya taifa hili."

Loo, mngeuona mji wiki iliyofuata! Mmoja alikuja na ndoo inayovuja, akapokelewa. Mwanamke mmoja alimkokota mumewe mlevi kutoka kilabuni, akamsimamisha kaunta, akamwacha hapo na hakurudi kumchukua. Lakini aliyekuja na shimo la barabara alirudi nalo. Aliyelalamikia harufu ya machinjio alifungua chupa mbele ya Dirisha, na chupa ikakutwa tupu. Malalamiko yakateremka mpaka sita, kisha manne. Bi. Mwatima akapewa cheti kilichoandikwa *Mfano wa Kitaifa*, na Bi. Kidawa, kule uani, hakucheka. Alisema, "Hongera, shoga," na akaanza kuchagua maneno yake.

Jumatatu ya duara la nane Fundi Mbaruku akaja amekumbatia jiwe. Lilikuwa jiwe la ukuta, lenye chokaa ubavuni, ukubwa wa mkate wa boflo.

"UMESEMA NIJE NACHO! LIMEDONDOKA LENYEWE, NIMELIOKOTA MIGUUNI MWA WASICHANA!"

Bi. Mwatima hakuandika. Alilichukua lile jiwe kwa mikono yake miwili, akapanda nalo ngazi, moyo unamdunda kwa furaha. Leo wataona.

Mkurugenzi akaligeuza jiwe huku na huku. "Hili ni jiwe," akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Lakini lalamiko ni la ufa. Ufa uko wapi?"

"Mheshimiwa, ufa ni pale ambapo jiwe hili halipo."

"Basi alete pale."

Utaratibu ulikuwa wa Bi. Mwatima mwenyewe.

"Na unapanuka kwa kasi gani?" Mkurugenzi akauliza, akichukua kalamu.

"Kidole kimoja, Mheshimiwa. Kila Jumatatu."

Hapo Mkurugenzi akainuka taratibu, akaenda dirishani, akakitazama Kinu kwa mbali. Aliporudi uso wake ulikuwa unang'aa. "Kidole kimoja kila Jumatatu," akasema kwa sauti ya chini. "Unaona, Bi. Mwatima? Hata ukuta umeelewa."

Bi. Mwatima akashuka na jiwe lake. Fundi alikuwa bado kaunta, anasoma bango lililobandikwa juu ya Dirisha: *Haba na Haba Hujaza Kibaba*. Alilisoma kwa kelele, kama alivyofanya kila kitu. Kisha akamtazama mama wa watu, aliyekuwa amekaa tena kule chini, na kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu mzima aliyechoka.

"Na bandu bandu huisha gogo, mwanangu. Hilo mbona hamkulibandika?"

Akamwachia jiwe, akaondoka.

*

Jumatatu ya duara la tisa Fundi hakuja. Ya kumi hakuja. Bi. Mwatima akamuuliza karani wa Wizara, akijifanya anauliza juu ya gundi.

"Yule mzee wa kelele? Wanamjaribu."

"Wanamjaribu nini?"

"Kutokuwepo," karani akasema. "Mmoja tu kwanza. Wakipima wakaona mji hauna tatizo, watajaribu watano." Akashusha sauti. "Ni mtu mmoja tu, Bi. Mwatima. Tena hata hapendwi. Utamlalamikia mzee mmoja asiyependwa? Huoni haya?"

Bi. Mwatima akaona haya. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, wala simtetei. Alirudi kwenye kiti chake, akakaa, na usiku wa siku hiyo hakula.

Duara la kumi na mbili miguu ya kiti ikaisha. Seremala akaondoka na kibao cha kukalia kwapani, akamwacha Bi. Mwatima sakafuni, amekunja miguu, kaunta iko juu yake kama dari. Mkurugenzi aliposema, "Una la kusema?" alisema akiangalia juu ya kichwa chake. Kutwa nzima hakuja mtu. Chati ikagusa chini. Sifuri!

Ngoma zikapigwa. Madirisha yote ya nchi yakaamriwa kukata viti, na Bi. Mwatima akapandishwa cheo kuwa Mratibu wa Madirisha, ghorofa ya pili, kiti kirefu chenye magurudumu. Jiwe akapanda nalo, akaliweka mezani juu ya karatasi zisipeperuke. Pale sakafuni akaketishwa msichana mpya, Semeni, mwenye adabu nyingi na hamu ya kazi. Bi. Mwatima akamfundisha maneno yote ya kazi ndani ya nusu saa. "Umekuja nacho? Kina ukubwa gani? Huoni haya?" Semeni akayaandika kiganjani.

*

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, Tausi alikuwa anakunywa chai huku akicheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Sindano, mama. Siku hizi ukichomeka ufani haikai, inatokea nje. Ijumaa nimepitisha mkono mpaka hapa," akagusa kiwiko, "nikamsalimia muuza karanga barabarani. Kanipa karanga!"

Bi. Mwatima akaweka kikombe chini. "Leo huendi."

"Mama."

"Nimesema huendi, Tausi!"

Tausi akainuka, akajifunga kitambaa kichwani, akambusu mama yake shavuni. "Mratibu wa Madirisha mzima," akasema kwa utani, "unalilia ukuta. Huoni haya?" Akatoka.

Bi. Mwatima akamfuata mpaka njiani, akamwita, na Tausi akapunga mkono bila kugeuka. Akamfuata mpaka geti la Kinu. Mlinzi akamzuia kwa heshima zote: asiye mfanyakazi haingii bila karatasi yenye muhuri wa Dirisha. Hata Mratibu? Hata Mratibu, mama, hasa Mratibu, yeye ndiye mfano wa kitaifa.

Akakimbia ofisini. Akapanda ngazi mbili mbili, mwanamke wa umri ule, mpaka kwa Mkurugenzi, aliyekuwa anafunga mizigo ya kwenda ng'ambo kuwafundisha wao sasa.

"Mheshimiwa, ukuta wa mashariki utaanguka. Mwanangu yuko chini yake. Nipe muhuri nikamtoe."

Mkurugenzi akamtazama kwa huzuni, kama mwalimu aliyeangushwa na mwanafunzi wake bora. "Hilo ni lalamiko, Bi. Mwatima. Malalamiko hayapandi ngazi kwa miguu. Kuna Dirisha. Na ni Dirisha bora kuliko yote barani, umelitengeneza wewe."

Bi. Mwatima akabeba jiwe la Fundi kutoka mezani kwake, akashuka, akatoka nje, akazunguka, akasimama mbele ya Dirisha kama raia. Hakuwahi kusimama upande ule. Hakuna kilichoonekana ndani: kaunta tupu, ukuta, na ile chati nzuri. Kioo kilikuwa kinatetemeka kidogo kwa ngurumo za Kinu, kama siku zote.

"Hodi! Semeni!"

"Karibu Dirishani," ikasema sauti kutoka chini. "Umekuja nacho?"

"Semeni, ni mimi, Mwatima! Gonga muhuri kwenye karatasi yoyote, haraka, unipe!"

Sauti ikacheka kidogo, kwa haya. "Bi. Mwatima! Shikamoo mama. Najua unanijaribu. Walisema utanijaribu wiki hii."

"Sikujaribu, mwanangu! Ukuta wa Kinu unaanguka, Tausi yuko ndani!"

"Umekuja nacho?" Semeni akarudia, safari hii vizuri zaidi, kila neno mahali pake.

Bi. Mwatima akaliinua jiwe juu ya kaunta. "Hili hapa! Nimekuja nalo!"

"Silioni, mama, niko chini. Kina ukubwa gani?"

Akajaribu kusema. Akaona hajui aanzie wapi: kidole, kiganja, kiwiko, mkono wa mwanawe umetokea barabarani unapokea karanga. "Kikubwa," akasema, na machozi yakamtoka. "Kikubwa, Semeni. Kimekuwa kikubwa!"

Chini kukawa na kimya cha mtu anayesoma kiganja chake. "Samahani mama," ikasema sauti kwa upole mwingi, "nalazimika tu kuuliza. Huoni..."

Haikumaliza. Kioo kilikuwa kimeacha kutetemeka.

Mji mzima ukasimama. Wanaume kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara wakatazama vikombe vyao: chai ilikuwa imetulia tuli, na wengine hawakuwahi kuiona hivyo tangu wazaliwe. Kisha watoto, kila nyumba, wakaanza kulia. Upande wa mashariki kitu cheupe kilikuwa kinapanda angani, polepole, na upepo ulipokileta kilikuwa unga.

"Bi. Mwatima?" Sauti ya chini ya kaunta ilikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. "Kinu kimenyamaza, mama, umesikia? Basi si limekwisha? Nakuandikia limeshughulikiwa."

Muhuri ukagonga. Karatasi ikapenyezwa juu ya kaunta, safi, imejazwa kila mahali. Hapakuwa na mtu wa kuipokea, Bi. Mwatima alikuwa ameshafika barabarani, anakimbilia kule kweupe, amelikumbatia jiwe.